Mchungaji Gudina Tumsa (1929–1979): Mfungwa Aliyekataa Kuliacha Kundi

Katika kitabu cha miaka mia moja ya usharika ni haki majina ya wamisionari, wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama waliolibeba kanisa mabegani yatangulie. Hata hivyo kanisa la Ngara na Biharamulo halikukua peke yake. Ni tawi la mti mmoja wenye matawi mengi, na tawi moja likikatwa, mti wote hutoa utomvu. Kwa sababu hiyo kumbukumbu hii inatoa nafasi kwa mtumishi wa Mungu wa nchi nyingine, Mchungaji Gudina Tumsa wa Ethiopia, aliyekamatwa mara tatu kwa ajili ya kazi yake, akafunguliwa mlango wa kutoroka, naye hakuupita. Habari zake zinawahusu sana watu wa Kagera, kwa kuwa mambo hayo yalitokea katika miezi ile ile ambayo mkoa huu ulikuwa vitani.

Malezi na wito

Gudina Tumsa alizaliwa Mei 1929 huko Boji, katika jimbo la Wollega, magharibi mwa Ethiopia. Alikuwa wa kabila la Waoromo. Injili ilikuwa imeingia katika nchi hiyo kwa njia ya pekee. Onesimos Nesib, Mworomo aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na baadaye kuwekwa huru, alisomeshwa na wamisionari wa Sweden, akaitafsiri Biblia nzima katika lugha ya watu wake. Tafsiri hiyo ilichapwa mwaka 1899. Hivyo Waoromo walilipokea Neno kwa lugha ya mama zao na kutoka kinywani mwa ndugu yao.

Gudina alifiwa na wazazi angali mtoto. Utoto wake ulipita pia katika miaka ya utawala wa Waitalia, kuanzia mwaka 1936 hadi 1941, ambapo wamisionari walifukuzwa na kazi yote ikabaki mikononi mwa Wakristo wenyeji. Wazee wa Kagera wanaujua mfano huo. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, wao kwa kuwa Wajerumani waliondolewa, na waliolilinda kundi walikuwa Wakristo wachache wazalendo ambao hata mchungaji wao wenyewe hawakuwa naye. Kotekote Afrika ya Mashariki kanisa lilijifunza somo lile lile: msaada wa kutoka mbali unaweza kukatika siku moja, lakini Kristo haondoki.

Kijana Gudina alisoma katika shule ya misioni mjini Nekemte, na akafanya kazi katika hospitali ya mji huo akiwahudumia wagonjwa. Kazi hiyo ilimfundisha jambo ambalo hakulisahau: mtu hana roho tu, wala hana mwili tu. Baadaye aliitikia wito wa uchungaji, akasoma theolojia, akabarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958. Alimwoa Tsehay Tolessa, mwanamke wa imani thabiti, nao wakajaliwa watoto. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1966 alisoma katika Seminari ya Luther huko St. Paul, Minnesota, Marekani. Alipomaliza hakutafuta makao ya raha ughaibuni, bali alirudi nyumbani.

Katibu Mkuu wa Mekane Yesus

Mwaka 1959 sharika za Kilutheri zilizotokana na misioni mbalimbali ziliungana na kuwa Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus. Jina hilo maana yake ni mahali alipo Yesu. Lilianza na washarika wapatao 20,000, nalo lilijiunga na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani mwaka 1963. Gudina alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wake mwaka 1966 alipotoka masomoni, akaishika kazi hiyo hadi kufa kwake.

Jina lake lilifahamika ulimwenguni mwaka 1972. Katika miaka hiyo wafadhili wa Ulaya walikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa ajili ya shule, visima na kilimo, lakini walisitasita kugharimia wainjilisti na ujenzi wa makanisa. Chini ya uongozi wa Gudina, Mekane Yesus iliuandikia Uluteri wa dunia barua iliyoeleza kwamba mgawanyo huo haukuwa wa Kiafrika wala wa Kibiblia. Mwanadamu ni mmoja. Anayemlisha mwenye njaa asimfiche Kristo, na anayemhubiri Kristo asiipite njaa yake. Barua hiyo ilizusha majadiliano ya miaka mingi, na wachungaji wengi waliosoma katika vyuo vya theolojia vya Tanzania waliikuta darasani.

Ethiopia na Tanzania ziliunganishwa pia na redio. Kituo cha Redio Sauti ya Injili, kilichomilikiwa na Fungamano la Kilutheri, kilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi na kurushwa kutoka huko, hivi kwamba Mkristo aliyekaa kijijini na redio ya betri aliweza kusikia mahubiri kwa lugha yake yakitoka katika mji alimofanya kazi Gudina.

Mapinduzi

Septemba 1974 Kaizari Haile Selassie aliondolewa madarakani na baraza la wanajeshi lililojulikana kwa jina la Derg. Kanisa la Mekane Yesus halikuyapinga mapinduzi hayo mwanzoni. Wakulima wengi wa Wollega walikuwa wapangaji katika ardhi ya makabaila, na ardhi ilipotaifishwa Machi 1975, Wakristo wengi walishukuru. Gudina mwenyewe alikuwa amefundisha kwa muda mrefu kwamba haki ni sehemu ya Injili.

Lakini haukupita muda mrefu kabla serikali haijadai kitu ambacho kanisa haliwezi kutoa. Ilitaka iaminiwe na kutiiwa kuliko Mungu. Mwaka 1976 Patriaki Tewoflos wa Kanisa la Orthodoksi aliondolewa kwa nguvu katika kiti chake na kutiwa gerezani. Mwaka huo huo makanisa ya Ethiopia yaliunda baraza la ushirikiano, na Gudina akawa mwenyekiti wake. Machi 1977 kituo cha Sauti ya Injili kilitwaliwa na serikali, na sauti iliyozoeleka hadi katika vijiji vyetu ikanyamaza. Katika miaka ya 1977 na 1978 ulitanda ule uliokuja kuitwa Ugaidi Mwekundu, ambapo maelfu ya watu, wengi wao vijana wasomi, waliuawa na maiti zao kuachwa barabarani. Huko Wollega makanisa yalianza kufungwa na wainjilisti kukamatwa.

Gudina alikuwa na mzigo mwingine wa nyumbani. Mdogo wake, Baro Tumsa, alikuwa mwanasiasa mashuhuri wa Waoromo na mmoja wa waanzilishi wa harakati za ukombozi wao. Alikwenda mafichoni, akafa mwaka 1978. Gudina hakuiacha kazi ya kanisa kwa ajili ya siasa, lakini machoni pa watawala jina la Tumsa peke yake lilitosha kuwa kosa. Zaidi ya hayo, serikali ilitamani viongozi wa dini washuhudie nje ya nchi kwamba hapakuwa na mateso, naye hakukubali kuutumia wadhifa wake kwa uongo huo.

Kukamatwa mara ya kwanza na ya pili

Gudina alikamatwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1978. Mwishoni mwa mwezi huo huo majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakachoma, yakaua na kupora, na maelfu ya watu wakauvuka Mto Kagera wakikimbia kuelekea kusini. Wakristo wa mkoa huu walipokuwa wakilala porini na watoto wao, mchungaji huyu alikuwa akilala sakafuni gerezani Addis Ababa. Aliachiwa baada ya wiki chache.

Alirudi ofisini kwake, akaendelea kuhubiri na kuyatembelea makundi yaliyotishwa. Tarehe 1 Juni 1979 alikamatwa tena, akakaa kifungoni takriban wiki tatu. Wakati huo Kampala ilikuwa imeanguka tangu Aprili, Amin alikuwa amekimbia, na watu wa Kagera walikuwa wameanza kurudi katika nyumba zisizo na paa. Kwa Kagera mwaka 1979 ulileta nafuu. Kwa Mekane Yesus giza lilikuwa bado linaongezeka.

Mlango uliofunguliwa

Marafiki wa Gudina walitambua kwamba akikamatwa mara ya tatu hatarudi. Juhudi zikafanywa ili atolewe nje ya nchi akiwa hai. Fungamano la Kilutheri lilikuwa na wasiwasi mkubwa juu yake. Rais wa Fungamano wakati huo alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam Juni 1977, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Rais Julius Nyerere wa Tanzania, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mbele ya serikali za Afrika, alikuwa miongoni mwa waliojitahidi ili Gudina apate njia ya kuondoka. Hivyo mlango uliofunguliwa mbele ya mfungwa huyu ulielekea huku kwetu.

Gudina alishukuru, lakini hakutoka. Aliona kwamba kanisa lake na usharika wake viko Ethiopia, na kwamba mchungaji mkuu akiokoka peke yake, wainjilisti wa vijijini wasio na rafiki ikulu wala ng’ambo wataachwa na nani? Msingi wake ulikuwa mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote, ili walio hai wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao.

Hapa msomaji wa Ngara na Biharamulo anahitaji kutafakari kwa makini, asije akatoa hukumu isiyo ya haki. Wilaya hizi zimewapokea watu waliokimbia mauaji kwa vizazi kadhaa. Walikuja kutoka Burundi mwaka 1972, na mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakajaza mabonde ya Benaco. Huduma ya wakimbizi ya Kilutheri, TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964, imefanya kazi miongoni mwa watu wa namna hiyo. Hakuna Mkristo wa huku anayeweza kusema kwamba kukimbia ni dhambi. Yusufu na Mariamu walikimbilia Misri na Mtoto. Paulo aliteremshwa ukutani katika kapu huko Dameski. Lakini Paulo huyo huyo, milango ya gereza la Filipi ilipofunguka usiku, alikaa, na kwa sababu alikaa mlinzi wa gereza na nyumba yake wakaokolewa. Kanisa linawaheshimu wote wawili, aliye kapuni na aliyebaki gerezani. Swali ambalo mtumishi hujiuliza si kama anaogopa. Hujiuliza kundi litapata nini akiondoka, na litapata nini akibaki. Gudina aliyapima hayo mawili na kuchagua. Hakuwahukumu waliochagua vingine.

Katika wiki hizo za uhuru aliandika maandiko yake ya mwisho, juu ya nafasi ya Mkristo katika jamii anamoishi. Aliandika akijua kwamba muda wake ni mfupi. Alifundisha kwamba Mkristo ni raia wa kweli, anayeitumikia nchi yake na kuitii serikali katika yaliyo halali, ila dhamiri yake imefungwa na Kristo, na kwamba ufuasi una gharama.

Usiku wa tarehe 28 Julai 1979

Jumamosi tarehe 28 Julai 1979 jioni, Gudina alihudumu katika usharika wa Urael mjini Addis Ababa. Alipotoka yeye na mke wake, watu wenye silaha waliwazuia njiani. Mama Tsehay alitiwa katika gari jingine, akapelekwa nje ya mji na kuachwa huko. Gudina alichukuliwa, na tangu saa hiyo hakuonekana tena. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Kanisa lake liliuliza. Fungamano la Kilutheri liliuliza. Jibu la serikali likawa kwamba haijui aliko. Kwa miaka kumi na mitatu Mekane Yesus iliishi na mchungaji asiye na kaburi. Baadaye ilibainika kwamba aliuawa usiku ule ule kwa kunyongwa. Patriaki Tewoflos naye aliuawa mwaka huo huo.

Mama Tsehay

Uamuzi wa Gudina haukumgharimu yeye peke yake, na haingekuwa kweli kusimulia habari zake bila kutaja ya mke wake. Mapema mwaka 1980 Mama Tsehay Tolessa alikamatwa. Aliteswa vikali, akakaa gerezani karibu miaka kumi bila hukumu ya mahakama. Watoto waliachwa bila baba wala mama. Alitoka mwaka 1989 akiwa na majeraha mwilini, lakini imani yake haikuvunjika, naye akaendelea kushuhudia neema ya Mungu hadi alipolala katika Bwana mwaka 2014. Mara nyingi kanisa linapotaja mashujaa wake husahau walioachwa mezani na sahani moja tupu. Kwa mke huyu kifungo kilikuwa kirefu kuliko cha mume wake, wala hakuna aliyemfungulia mlango wa kutoroka.

Mwisho wa utawala na mazishi

Mei 1991 majeshi ya wapinzani yalipoukaribia mji mkuu, Mengistu Haile Mariam, aliyekuwa mkuu wa Derg, aliiacha nchi kwa ndege na kukimbilia Zimbabwe. Aliyekuwa na majeshi na magereza hakuweza kubaki na watu wake hata siku ya mwisho. Aliyekuwa na Biblia tu alibaki nao hadi kufa.

Baada ya serikali hiyo kuanguka, mahali alipofukiwa Gudina pakajulikana, katika eneo la jumba la kabaila mmoja wa zamani mjini Addis Ababa. Mwaka 1992 mabaki yake yalifukuliwa na kuzikwa kwa heshima, mbele ya kanisa lililokuwa limemngojea. Kanisa lenyewe halikufa. Makao yake makuu yalikuwa yametwaliwa na serikali, na sharika nyingi zilikutana nyumbani kwa siri, lakini milango ilipofunguliwa washarika walionekana kuwa wengi kuliko walipokuwa kabla ya mateso. Leo Mekane Yesus ina washarika zaidi ya milioni 10, nayo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, pamoja na KKKT.

Urithi wake kwa usharika unaoingia karne ya pili

Usharika unaoadhimisha miaka mia moja una mengi ya kushukuru: majengo, kwaya, shule, vizazi vya waliobatizwa. Maisha ya Mchungaji Gudina Tumsa yanakumbusha kwamba vyote hivyo vinaweza kutwaliwa kwa amri ya siku moja, kama redio ilivyotwaliwa na ofisi zilivyotwaliwa, na bado kanisa likabaki, maadamu wapo watu wanaoijua sababu ya kuwapo kwao.

Anawakumbusha wachungaji na wainjilisti kwamba kundi huwatazama zaidi siku ya hatari kuliko siku ya sherehe. Anawakumbusha wazee wa kanisa na matajiri wa mahali kwamba kanisa lisilojitegemea hunyamazishwa kwa urahisi, kwa kuwa anayelilisha aweza pia kulifunga mdomo. Anawakumbusha wote kwamba mahubiri na mkate havitenganishwi. Na kwa watu wa mipakani, ambao wamewafungulia milango waliokimbia na watawafungulia tena, habari zake hazipunguzi hata kidogo wajibu huo. Zinaongeza sala moja: kwamba pamoja na kuwapokea waliotoka, kanisa liwakumbuke pia waliobaki, walio vifungoni na wasio na makaburi, na wake na watoto wao.

Mungu aliyempa mtumishi wake neema ya kubaki awape washarika wa Ngara na Biharamulo, katika miaka mia moja ijayo, hekima ya kujua lini waondoke na lini wabaki, na katika yote mawili wawe wake. Amina.